Kadi Aliyochaguliwa Nabalayo

Nicodemus Makhanu alimpa binti yake wa pili jina la mama yake mzazi, Nabalayo, na kama ilivyo desturi ya Wabukusu alimwita "Mayi", yaani mama, tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Natasha, aliyemtangulia Nabalayo kwa miaka minne, alipewa jina na mama yao, ambaye alilisikia kwa nesi mmoja akalipenda. Hapakuwa na marehemu aliyeitwa Natasha. Hakuna mzee wa ukoo aliyerudi nyumbani kupitia jina lake.

Jambo hilo halikumsumbua sana mpaka Jumapili moja ya Juni, mwaka wa 2008, walipokuwa mezani nyumbani kwao Free Area, mjini Nakuru. Nabalayo alikuwa amekuja kutoka chuo kikuu Nairobi, alikosomea usanifu wa majengo, ili aandae mradi wake wa mwisho nyumbani, na Natasha alichinja kuku, akamnyonyoa, akampika. Firigisi aliiweka kwenye sahani ya baba, kwa kuwa firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mtoto mdogo analijua hilo. Baba aliitazama, akachukua kisu, akaikata katikati, kisha akaweka nusu kwenye sahani ya Nabalayo.

"Kula, Mayi. Kichwa kinafikiria mchana na usiku kinataka chakula."

Natasha aliinamisha macho kwenye sufuria. Miaka yote aliyopika kuku katika nyumba ile, hakuwahi kuona firigisi ikigawanywa. Ugali uliobaki aliula bila kuusikia ladha.

Baada ya chakula baba alifuta mikono, akakohoa kikohozi chake cha kutoa tangazo.

"Huyu anamaliza mwaka huu. Chuo kilifungwa kwa sababu ya zile fujo za uchaguzi za Januari, sasa wanakimbizwa kama ng'ombe wa mnada. Anataka kompyuta yake. Ya kuchora nyumba na kuingia ndani. Si ndio, Mayi?"

"Ya kutembea ndani ya mchoro, baba," Nabalayo alisema. "Walimu wanataka waone kama wanatembea."

"Ndio hiyo. Pesa si nyingi, hatuwezi kununua mpya ya dukani. Lakini Nata anajua kuunganisha." Akamgeukia Natasha. "Wewe ndio fundi hapa. Utamchagulia vitu, kimoja kimoja, vizuri."

"Sawa, baba," Natasha alisema.

Alisema sawa kwa sababu hakuna jibu lingine lililokuwapo. Yeye alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama nzuri, si za kulipiwa chuo na serikali, lakini nzuri. Mwaka huohuo Nabalayo aliitwa shule ya bweni ya wasichana, na mshahara wa baba, fundi wa mitambo katika kiwanda cha unga, ukatosha karo ya mmoja. Natasha alifanya kozi fupi ya kompyuta mjini, akapata kazi katika duka la Nimesh, nyuma ya soko, na huko akakaa. Alikuwa amewaunganishia mashine mawakili, wenye saiba za intaneti, hata pasta mmoja wa Njoro. Nyumbani kwao hapakuwa na hata kipanya.

Kwa wiki mbili Natasha alikusanya vipande. Kesi, lile kasha la nje, aliipata ya mitumba, iliyokwaruzwa upande mmoja. Prosesa, ubongo wa mashine, na ubao wake alivichagua kwa uangalifu wa kweli, akavijaribu vyote dukani kabla ya kuvipeleka nyumbani. Mtu asiseme alianza na nia mbaya. Lakini kila jioni alipofika nyumbani alimkuta Nabalayo amekaa kwenye kitanda cha dirishani, kile ambacho Natasha alikuwa akilalia mpaka mdogo wake aliporudi, ametandaza karatasi mpaka sakafuni. Na baba, mtu ambaye akitoka kazini hutaka redio na kimya, alikuwa amechuchumaa kando ya karatasi hizo akiuliza, "Na hapa maji ya mvua yatapita wapi?"

Nabalayo alikuwa akichora soko. Soko la Free Area, la mboga na mitumba, lenye paa refu la kukusanya maji. Kwenye mtaa bado kulikuwa na nyumba zisizo na mabati tangu Januari, na baba alilipenda paa lile kuliko kitu chochote.

Hajawahi kuuliza hata siku moja, Natasha aliwaza, mimi ninafanya nini huko dukani.

Kilichobaki kilikuwa kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora picha na kuipeleka kwenye skrini. Kwa mtu wa kuandika barua, kadi yoyote ni kadi. Kwa mtu anayetaka kutembea ndani ya soko lenye paa na nguzo na watu, mashine nzima inasimama au kuanguka na kadi hiyo. Natasha alijua hilo, na kwa sababu alijua, aliwaambia baba na Nabalayo waje Jumamosi waone wenyewe.

Baba alikuja na koti lake la kanisani. Nimesh, mwenye duka, mtu mnene wa sauti ya chini aliyezaliwa Nakuru kama baba yake, alimsalimu kwa mikono miwili, akaziweka kadi mbili juu ya kaunta.

"Mzee, kwa hiyo pesa yako ni hizi mbili," alisema. "Bei zinakaribiana."

Ya kwanza ilikuwa katika boksi kubwa lenye picha ya chui anayeruka, na pembeni imeandikwa kwa namba nene: 512. Ya pili ilikuwa katika boksi dogo la kijivu lisilo na mnyama yeyote. Namba yake ilikuwa 256.

Baba alivaa miwani. Alizisoma namba zote mbili kama mtu anayesoma mizani.

"Hii ni mara mbili ya ile," alisema. "Si hii ndio kubwa?"

Swali lilikuwa rahisi na jibu lake rahisi. Namba ile ilikuwa ya kumbukumbu tu, nafasi ya kuwekea picha. Haikusema chochote kuhusu nguvu ya kuzichora. Kadi ya chui ilikuwa na nafasi kubwa na nguvu kidogo. Ile ya kijivu ilikuwa na nafasi nusu, lakini kwa kazi ya Nabalayo ingeiacha nyingine mbali sana. Natasha alikuwa ameshawaeleza wateja jambo hilo mpaka likawa kama wimbo mdomoni mwake.

Alifungua mdomo. Akamwona baba ameweka mkono begani mwa Nabalayo, na Nabalayo ameegemea mkono huo kidogo, bila hata kujua kwamba anauegemea. Natasha akafunga mdomo.

Nimesh akasogea. "Kwa ukweli, mzee, hii ndogo..."

"Boss," Natasha alimkatiza, "yule mtu wa printa amerudi, yuko hapo nje."

Nimesh alimtazama, akatoka kwenda kuangalia.

"Nata, wewe unaonaje?" Nabalayo aliuliza.

"Namba si mnaziona wenyewe," Natasha alisema. "Baba ndiye ananunua."

Baba alicheka kwa furaha, akaligonga lile boksi la chui kwa kidole. "Mtoto wangu hatachukua nusu wakati kuna nzima. Funga hii."

Natasha alifunga. Walipoondoka, Nimesh alirudi kutoka nje, ambako hakukuwa na mtu yeyote wa printa, akaona boksi la kijivu limebaki peke yake.

"Yule ni dada yako, Natasha," alisema.

"Wamechagua wenyewe."

Nimesh alilirudisha boksi kwenye rafu.

Mashine iliwaka Jumapili hiyohiyo. Natasha aliiunganisha juu ya meza ya kulia huku majirani wakichungulia mlangoni, na skrini ilipopata uhai baba alipiga makofi. "Mnaona kompyuta ya Mayi! Hapo ndani ataweka soko zima!" Cheptanui, jirani wa mlango wa pili, alimpa Nabalayo mkono wa pongezi. Natasha alikuwa amepiga magoti akifagia vipande vya nailoni.

Mwanzoni yote yalikwenda sawa. Nabalayo alichora nguzo na kuta, mchoro ukazunguka vizuri. Kisha akaweka paa. Akaweka vibanda, na ndani ya vibanda wanawake wenye vikapu, na nje miti ya kivuli. Kadiri soko lilivyojaa, ndivyo mashine ilivyochoka. Akitaka kugeuka kushoto, picha ilisimama, ikafikiri, ikaruka mahali pengine kabisa.

Jioni moja alimwita dada yake. "Nata, hebu ona. Inakwamakwama. Ni kawaida?"

Natasha alisimama nyuma ya kiti. Aliona soko lile likiruka kama mtu mwenye kwikwi, na akasikia utamu, ule wa kukuna upele, utamu ambao mtu anajua utaacha kidonda na bado anakuna.

"Umeweka vitu vingi," alisema. "Punguza mzigo."

"Nipunguze nini?"

"Chochote. Anza na watu."

Nabalayo akawatoa watu. Wiki iliyofuata akatoa vibanda, kisha miti. Alilala kidogo, akala kidogo. Siku moja Natasha alimkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili mbele ya skrini.

"Wenzangu zao zinatembea," Nabalayo alisema. "Mimi nafikiri ni vile nachora. Kuna kitu sielewi, na nimefika mwaka wa mwisho sielewi."

Hapo ndipo Natasha angesema. Aliyajua maneno. Badala yake alikwenda jikoni kuchambua sukuma wiki, na huko jikoni ule utamu wa kwanza aliutafuta hakuupata tena. Kilichobaki ni uchungu uleule wa mezani, nao haukupungua hata kidogo. Alikuwa amefikiri Nabalayo akiteleza yeye atapumua. Hakupumua.

Mwisho wa Julai Nabalayo aliifunga mashine kwa blanketi, akaenda nayo Nairobi kuwaonyesha walimu kazi yake. Alirudi siku ya pili mchana. Alishuka kwenye teksi, akaiweka kesi sebuleni sakafuni, akaketi kochini bila kuvua viatu. Baba alikuwa nyumbani, zamu yake ikiwa ya usiku, na Natasha alikuwa amekuja kula chakula cha mchana.

"Walisemaje, Mayi?"

"Walisema soko langu lina kwikwi." Alijaribu kucheka. "Mmoja aliniuliza wauzaji wako wapi. Akasema nimewaletea godauni tupu, tena bovu. Wamenipa nafasi moja nyingine, Septemba. Lakini baba, mimi siendi. Nitaahirisha mwaka. Hii kazi si ya kichwa changu."

Natasha alitarajia angefoka, na kusema kweli alikuwa akisubiri afoke, angalau mara moja. Lakini baba alisogea, akaketi kando ya Nabalayo.

"Pumzika basi. Mwaka ujao si mbali." Kisha, kana kwamba anatafuta jambo jema la kuwapa wote, akainua uso. "Na hiyo mashine isikae bure. Nata ataitumia. Si umekuwa ukitaka mashine yako siku nyingi, Nata?"

Natasha aliweka sahani chini.

"Ulijua?"

"Nijue nini?"

"Ulijua kwamba nataka mashine."

"Si kila siku uko kwa hizi vitu. Nilijua, ndio. Mzazi anajua."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Pesa ilikuwa ya moja." Baba alishangazwa na sauti ya Natasha. "Ningekwambia najua halafu nikunyime?"

Miaka yote Natasha alijipa faraja moja: kwamba baba haoni. Mtu asiyeona hana lawama kubwa. Sasa ikawa alikuwa akiona, akapima, na kila mara mizani ikaangukia upande uleule. Hasira zikamjaa mpaka masikioni, na ni hasira, si toba, iliyomfungua mdomo.

"Basi na mimi kuna kitu nilijua sikusema," alisema. "Ile kadi. Ile ya chui. Haifai kwa kazi yake. Ile ndogo ndiyo iliyofaa. Nilijua palepale dukani."

Nje mtu alikuwa akiita kwa sauti ndefu, anauza mihogo.

"Si kichwa chako, Nabalayo. Ni kadi."

Nabalayo alisimama polepole. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza dukani. Halafu nikakuuliza hapa, kwa hiki kiti. Ukaniambia nipunguze mzigo. Nikatoa watu, nikatoa vibanda. Nikatoa miti, Nata! Nilikaa hapa naitoa mmoja mmoja nikijiona mjinga, na wewe uko jikoni unajua?"

"Najua."

"Kwa nini?"

Natasha alitafuta jibu kubwa, lenye karo na miaka na kitanda cha dirishani. Lililotoka lilikuwa jingine.

"Baba alikugawia firigisi."

Baba aliwatazama mabinti wake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Firigisi?" alisema. "Ya kuku? Nata, kwa sababu ya nyama?"

"Si nyama, baba."

Alielewa. Ilionekana usoni jinsi alivyoelewa, na jinsi alivyotamani asingeelewa. Lakini alikuwa mtu wa fahari, na cha kwanza kilichomjia mdomoni kilikuwa cha fahari.

"Ulinifanya mjinga mbele ya bosi wako. Nimevaa koti." Alichukua kofia yake, akatoka, ingawa zamu yake ilikuwa bado mbali.

Usiku ule Nabalayo alilala sebuleni kwenye kochi. Asubuhi alimkuta Natasha ameshafungua kesi, ana bisibisi mkononi, kadi imetoka.

"Unaipeleka wapi?"

"Nitabadilisha."

"Nakuja. Kwa hiyo kadi, wewe sikuamini tena."

Nimesh aliwasikiliza wote wawili kwa uvumilivu wa mtu aliyekuwa akilisubiri jambo hili. Ile ya kijivu bado ilikuwapo. Iliyofunguliwa hakuweza kuirudisha kwenye rafu, lakini alikuwa na wazo: Kahiga, mwenye buchari moja ya nyama choma kule Kikopey, alikuwa akitafuta kadi kwa kompyuta yake, aonyeshe wateja mpira kwenye ukuta ligi itakapoanza. "Mpelekeeni. Hii itamfaa sana. Mkirudi, chukueni yenu."

Kikopey walifika saa za chakula. Moshi wa nyama ulikuwa umetanda kando ya barabara kuu, na vijana wenye aproni walikuwa wakisimamisha magari kwa mikono. Kahiga aliwapokea nyuma ya buchari, mtu mwembamba isivyotarajiwa kwa kazi ile, akaligeuza boksi mikononi, akaona ile namba.

"512! Hii ni moto."

"Ngoja, boss," Natasha alisema. "Nikuambie ukweli. Hiyo namba ni ya nafasi tu. Ni kama pikapu yenye keria kubwa na injini ya pikipiki. Ukitaka kucheza gemu kubwa au kuchora majengo, itakusumbua. Kwa mpira itakutosha, tena itabaki."

"Mimi nataka mpira tu, mpaka yule amekaa karibu na choo aone namba ya jezi."

"Ataiona."

"Basi unaniogopesha na injini ya nini? Leta." Akalipa, akaichukua, na kwa jinsi alivyolishika lile boksi ilikuwa wazi kwamba bado anaamini amepata kubwa kuliko zote.

Natasha aliingia ndani, akaifunga kwenye mashine ya Kahiga, akaijaribu ukutani. Alipotoka, Nabalayo alikuwa amekaa kwenye benchi na sahani ya mbavu ambayo Kahiga aliwapa kama shukrani.

"Hayo ndiyo maneno?" Nabalayo aliuliza. "Keria na injini. Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Hata dakika haikuisha. Umemwambia mtu wa mbavu, humjui, na mimi hukuniambia."

"Yeye simwonei wivu."

Nabalayo alikata ubavu kwa meno, akatafuna kwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yakimtoka na haikujulikana ni ya moshi au ya nini.

"Halafu hiyo firigisi," alisema mwishowe, "mimi sipendi firigisi. Ni ngumu. Niliimeza nzima ndio baba asione."

Natasha alicheka kabla hajajizuia. Nabalayo hakucheka.

"Usicheke. Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nakula."

Waliichukua ile kadi ya kijivu dukani, wakaiunganisha mashine upya pamoja, Natasha akifunga skurubu na Nabalayo akishika tochi. Nabalayo alirudisha miti, kisha vibanda. Ilimchukua siku kadhaa kuwarudisha wanawake wenye vikapu, na aliongeza wengine, na mwuza mihogo mmoja. Jumamosi moja asubuhi alimwita dada yake kutoka uani.

Natasha alisimama nyuma ya kiti kama mara ile. Picha iliingia sokoni kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Ilipita chini ya paa, jua likashuka kupitia nafasi za mabati na kuchora mistari juu ya nyanya. Iligeuka kushoto, ikageuka laini. Upande wa mwisho kulikuwa na tangi la maji na watoto wamekaa ukingoni.

Lilikuwa soko zuri. Mtu angetamani kuuza hapo, na hata kama hana cha kuuza angetamani kukaa tu. Natasha alikuwa amefikiri wivu wake ulimwagika wote siku ile sebuleni. Sasa ukarudi, mkali kuliko wa mwanzo, kwa sababu wa mwanzo ulikuwa juu ya alichopewa mdogo wake, na huu ulikuwa juu ya alichokuwa nacho Nabalayo mwenyewe, ambacho hakuna baba aliyempa.

"Nakuonea wivu," alisema.

"Najua," Nabalayo alijibu bila kugeuka. "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Baba, kwa siku zote hizo, alikuwa akila na kuondoka. Hakumsemesha Natasha ila kwa mambo ya chumvi na parafini. Kisha siku moja katikati ya wiki alitokea dukani kwa Nimesh akiwa na nguo zake za kiwandani, unga bado kwenye nyusi. Alisimama kwenye kaunta kama mteja, nyuma ya mtu aliyekuwa akinunua waya. Zamu yake ilipofika alivua kofia.

"Hapa unafanya nini hasa?" alimuuliza Natasha.

Natasha alidhani anamgombeza. "Nafanya kazi, baba."

"Najua. Nauliza ni kazi gani. Nionyeshe."

Natasha alikuwa na kompyuta ya mwalimu mmoja imefunguka mezani. Alimwonyesha. Hii ndiyo inayofikiri, hii inakumbuka, hii inaleta moto wa umeme kutoka ukutani na kuugawa. Baba aliuliza maswali, yale ya fundi: hii ikichoka inapata joto? Hewa inaingilia wapi? Alichuchumaa kuangalia feni. Baadaye akasema, macho yakiwa bado kwenye feni, "Kuna chuo hapa mjini, nimesikia wana darasa la jioni. La hizi vitu. La miaka miwili."

"Lipo."

"Ungependa?"

"Ningependa, baba."

"Mayi akimaliza," alisema. Akasita. "Hapana. Sasa. Tutaona vile tutafanya, lakini sasa."

Hakuomba msamaha na Natasha hakuomba, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na deni la wazi. Alimsindikiza mpaka nje, na baba alipofika barabarani aligeuka akamwambia lile koti la kanisani asilipeleke tena kwa dobi, limeanza kubana.

Nabalayo alipiga simu katikati ya Septemba. Natasha ndiye aliyekuwa na simu, anajiandaa kwenda darasani. Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu wakishangilia.

"Wamepitisha! Nata, wamepitisha! Yule wa godauni aliomba nirudie tena pale kwa tangi, atembee mara ya pili!"

Baba alisikia sauti ile kutoka chumbani. Hakungoja kuelezwa. Alitoka nje na ndala, na Natasha akamsikia akigonga mlango wa Cheptanui, akisema, "Mayi amemaliza! Binti yangu amemaliza!"

"Unafurahi?" Nabalayo aliuliza kwenye simu.

"Nafurahi."

"Kabisa?"

Natasha alifikiri. "Robo tatu."

Nabalayo alicheka mpaka akakohoa. Akasema robo tatu inamtosha, na sasa simu apewe baba kabla salio halijaisha. Natasha akatoka na simu mkononi kumtafuta. Cheptanui alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, na baba alikuwa tayari amefika nyumba ya nne.